Kukusanya vyombo vya mezani vyenye majina kutoka mesi za maofisa wa Kiingereza: mwongozo kamili kwa anayeanza

Mtu akisikia unanunua vijiko na pete za fedha za zamani, cha kwanza kumjia kichwani ni sonara na mzani, yaani anajua unaenda kuyeyusha. Sisi tunaofuatilia vyombo vya mesi za maofisa wa jeshi la Uingereza hatuendi huko kabisa. Tunanunua jina. Kijiko cha fedha bila jina ni kijiko, ila kijiko hicho hicho kikiwa na nembo ya kikosi, herufi za mwenyewe na tarehe, hapo una mtu, na huyo mtu unaweza kumfuatilia mpaka ujue alikuwa wapi mwaka gani, alipanda cheo lini na kama alirudi kwao au alizikwa huko huko alikopelekwa. Shika hilo moja kabla hatujaanza hatua, maana kila nitakachokwambia huko chini, kuanzia bei mpaka usafishaji, kinarudi hapo hapo kwenye jina.

Kwanza tuelewane mesi ni nini, kwa sababu wengi wanaichanganya na kantini. Mesi ya maofisa ilikuwa nyumba yao. Maofisa ambao hawajaoa walilala hapo, walikula hapo, walikunywa hapo na mwisho wa mwezi kila mmoja aliletewa bili yake. Kila kikosi kilikuwa na mesi yake yenye sahani zake, vijiko vyake, vinara vyake vya mishumaa, na siku za karamu rasmi meza ilipangwa fedha mpaka huoni kitambaa, mvinyo wa port unapitishwa kuelekea kushoto, na mwishoni wanasimama kumtakia afya mfalme (wanamaji wao wanafanya hivyo wakiwa wamekaa, ni desturi yao ya siku nyingi melini). Kuna vitu kwenye mesi hizo huwezi kuamini. King's Royal Hussars mpaka leo wanacho chungu cha fedha cha kukojolea usiku, mali ya Joseph Bonaparte ndugu yake Napoleon, watangulizi wao wa 14th Light Dragoons walikikamata baada ya vita vya Vitoria mwaka 1813, wanakiita "The Emperor" na usiku wa karamu wanakinywea champagne. Hicho hutakipata mnadani. Ila kinakuonyesha hawa watu walivyovichukulia vyombo vyao, chombo kilikuwa kumbukumbu ya kikosi.

Hatua ya 1: Tofautisha mali ya mesi, mali ya mtu, na zawadi

Hapa ndipo pa kuanzia na ukipaelewa vizuri umeshamaliza nusu ya kazi.

Mali ya mesi ni vile vilivyonunuliwa kwa pamoja: sahani, uma, visu, mabakuli ya supu, vimechapwa nembo ya kikosi au maneno "Officers' Mess", jina la mtu hakuna. Kwa wanamaji mesi inaitwa "Wardroom" kwa hiyo ukiona neno hilo ujue umeingia melini. Mali ya mtu ni vile alivyokuwa navyo ofisa mwenyewe akihama navyo, na malkia wa kundi hili ni pete ya napkini, kile kiduara cha fedha unachopitishia kitambaa cha kulia. Zamani kitambaa hakikufuliwa kila baada ya mlo, kwa hiyo kila ofisa anayeishi mesini alikuwa na pete yake yenye jina ili mhudumu ajue kitambaa gani ni cha nani asubuhi inayofuata. Ndiyo maana pete zina majina kuliko chombo kingine chochote. Ziko pia magi za bia za pewta (madini ya kijivu ambayo sehemu kubwa ni bati) au fedha, nyingine kitako chake ni kioo, zilikuwa zinaning'inizwa kaunta ya baa ya mesi, kila moja na mwenyewe.

Zawadi ndiyo kundi tamu kuliko yote. Ofisa akioa, akihama, akistaafu, wenzake walichanga wakamchongea kitu: sinia dogo la fedha, magi, sanduku la sigara, na maneno ya kawaida kabisa utakayoyaona ni "from his brother officers". Masinia mengine yamechongwa saini za maofisa wote kama walivyoziandika kwa mkono wao, saini kumi na tano au ishirini zimezunguka nembo katikati. Sinia la namna hiyo ni kikosi kizima mezani kwako, kila saini ni mtu wa kutafuta. Na mtoto wa ofisa akibatizwa, kikombe kidogo chenye jina lake na jina la kikosi. Upande wa pili yalikuwepo yale ambayo ofisa ameizawadia mesi wakati anaondoka au amepanda cheo, hayo yanakuwa mali ya mesi tangu siku hiyo na jina lake linabaki juu yake.

Usichanganye na "Sergeants' Mess". Masajenti walikuwa na mesi yao na vyombo vyao vizuri tu, wapo wanaovikusanya, ila ni uwanja mwingine.

Hatua ya 2: Chagua kiuwanja chako, na kiwe kidogo

Usiseme "nakusanya vya jeshi la Uingereza", utafilisika na hutajua kitu. Chagua kikosi kimoja, au aina moja ya chombo, au sehemu moja ya dunia. Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna uwanja uko mlangoni kabisa na wengi hawauoni. King's African Rifles (KAR) iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda, na maofisa wake walikuwa Waingereza walioazimwa kutoka rejimenti zao za kwao kwa miaka kadhaa, wakaja na pete zao na magi zao. Batalioni ya 6 ilikuwa ya Tanganyika, ya 4 ya Uganda, ya 3 ya Kenya. Uhuru ulipofika Desemba 1961 batalioni ya 6 ikawa Tanganyika Rifles, Januari 1964 yakatokea maasi yaliyoanzia Colito Barracks pale Dar, ambayo leo ni Lugalo, na kabla mwaka haujaisha JWTZ imeshaundwa. Sasa piga hesabu, chombo chochote chenye maneno "Tanganyika Rifles" kimechongwa ndani ya miaka miwili mitatu tu! Hiyo ni tarehe unaipata bila hata kugeuza chombo kuangalia mihuri.

Zaidi ya KAR kulikuwa na kambi ya anga ya RAF pale Eastleigh Nairobi, na wakati wa vita vya pili wanamaji walikuwa Kilindini, kituo chao cha nchi kavu kikiitwa HMS Tana. Halafu mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilikuwa na mpango wa kuwapa mashamba Kenya wanajeshi waliotoka vita vya kwanza, maofisa wengi wakaja kulima, na kwenye masanduku yao kulikuwa na vyombo vyenye majina kutoka vikosi ambavyo havijawahi kukanyaga Afrika. Ndiyo maana unaweza kukuta pete ya rejimenti ya Ireland kwenye mnada wa vitu vya nyumbani Nairobi au Nanyuki, wala sio maajabu.

Na hapa niseme jambo ambalo naliona linasahaulika. Waliokuwa wanazing'arisha hizo pete na kuzipanga mezani ni wazee wetu, wahudumu wa mesi waliovaa kanzu, mshipi na tarabushi. Majina yao hayajachongwa popote. Kama kwenu kuna mzee au mtoto wa mzee aliyefanya kazi mesini, mkalie chini umrekodi, muulize meza ilipangwaje, nani alikuwa na magi gani, vyombo vilienda wapi kikosi kilipofungasha. Simulizi hiyo ukiiweka pamoja na chombo, mkusanyo wako unakuwa na kitu ambacho wa Uingereza hawana.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma mihuri ya fedha

Nunua lenzi ya kukuza mara kumi, ile ya masonara, sio ghali. Geuza chombo utafute mistari ya mihuri midogo. Fedha halali ya Uingereza inakuwa na simba anayetembea, huyo ndiye anakwambia ni asilimia 92.5. Pembeni yake kuna alama ya mji uliopima: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji ni Sheffield (mpaka 1974, baada ya hapo waridi), ngome yenye minara mitatu ni Edinburgh (hao wa Scotland, badala ya simba anayetembea, zamani walitumia ua la mbigili). Kisha kuna herufi ya mwaka, na herufi za fundi au kampuni. Ukiona na kichwa cha mfalme au malkia kwenye chombo cha zamani, huo ulikuwa mhuri wa kodi, ulianza 1784 ukafutwa 1890, kwa hiyo chombo hakiwezi kuwa baada ya hapo, isipokuwa matoleo machache ya sherehe za kifalme kama yubilei ya 1935 na kutawazwa kwa 1953.

Herufi ya mwaka ndiyo inayowachanganya watu. London walitumia herufi ishirini halafu wanarudia upya kwa mwandiko mwingine, Birmingham mzunguko wao ulikuwa kama miaka 25. Kwa hiyo "A" peke yake haitoshi. London "A" kubwa inaweza kuwa 1936 na "a" ndogo inaweza kuwa 1956, na Birmingham "A" inaweza kuwa 1925 au 1950, inabidi uangalie na umbo la ngao inayoizunguka. Majedwali yako bure mtandaoni, pakua uweke kwenye simu, usitegemee kichwa.

Ukikuta EPNS hiyo sio fedha, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme, njia ambayo Elkington wa Birmingham waliiwekea hataza mwaka 1840. Usiidharau hata kidogo. Mesi nyingi zilikula kila siku kwa EPNS na fedha halisi zikangoja karamu, na uma wa EPNS wenye nembo kali na herufi za mtu mimi nautaka kuliko uma wa fedha uliofutwa jina. Majina utakayoyaona sana ni Elkington, Mappin & Webb, Walker & Hall, na Goldsmiths & Silversmiths Company. Vikosi vilivyokaa India viliagiza huko huko kwa Hamilton wa Calcutta au Orr wa Madras, na hawa hawana mihuri ya Kiingereza ya simba, wana ya kwao, kwa hiyo usiikatae pete kwa sababu tu simba hayupo.

Sahani ni rahisi zaidi. Geuza usome kitako: neno "England" kwa kawaida linakupeleka 1891 na kuendelea, "Made in England" ni karne ya 20.

Hatua ya 4: Soma taji na jina la kikosi

Nembo nyingi zina taji juu, na taji ni saa. Baada ya Victoria kufariki 1901 likatumika taji la wafalme, tao zake zimepanda juu zikakutana bila kubonyea. Elizabeth alipotawazwa 1953 likabadilika, tao zinabonyea katikati pale zinapokutana. Sasa tangu Charles ameingia wamerudisha lile la wafalme, kwa hiyo chombo kipya kabisa kinaweza kukudanganya kionekane cha 1930, angalia na vingine.

Jina la kikosi linabana zaidi. Kabla ya 1881 rejimenti za miguu zilikuwa zinajulikana kwa namba, mwaka huo zikaunganishwa na kupewa majina ya majimbo, 24th Foot kwa mfano ikawa South Wales Borderers. Vikosi vitano vya kusini mwa Ireland vilivunjwa 1922, Connaught Rangers, Leinster, Munster Fusiliers, Dublin Fusiliers na Royal Irish Regiment, vya kwao vinagombaniwa maana hakuna vitakavyotengenezwa tena. Royal Flying Corps (RFC, kikosi cha ndege cha jeshi) ilikuwepo 1912 mpaka tarehe 1 Aprili 1918 ilipozaliwa RAF. Welsh Regiment walianza kuandika "Welch" rasmi 1920. Tank Corps waliongezewa "Royal" 1923. Na cheo pia kinasema: "Ensign" kilifutwa 1871 kwenye rejimenti za kawaida, Foot Guards (walinzi wa mfalme) tu ndio wanaendelea kukitumia, kwa hiyo ukikuta "Ensign" na rejimenti ya kawaida basi mihuri lazima iwe ya kabla ya hapo, kama mihuri inasema 1902 kuna mtu anakuchezea.

Hatua ya 5: Uangalie mchongo wenyewe kwa karibu

Hapa tulia, maana ndipo pesa zinapotea. Chombo kinaweza kuwa cha kweli kabisa na mchongo ukawa wa juzi. Pete ya kawaida ya Birmingham bei yake ni ndogo, ukiichonga nembo ya RFC na jina la rubani bei inapanda mara kadhaa, kwa hiyo kishawishi kipo kila siku.

Nikueleze pete ninayopenda kuwaonyesha watu wanaoanza. Ni ya Birmingham, nyembamba, imechongwa herufi tatu za jina na nembo ya kikosi. Ukiiweka chini ya tochi na kuilalia mwanga kutoka ubavuni, unaona kila mstari wa herufi unaanza mwembamba, unanenepa katikati ya mpindo halafu unakonda tena, kwa sababu fundi alikuwa anasukuma patasi kwa mkono na kuilaza kidogo anapokata kona. Ukingo wa mstari umekuwa laini, haukwaruzi kucha. Mikwaruzo midogo ya miaka yote inapita juu ya herufi, inaingia kwenye mfereji na kutokea upande wa pili. Na sehemu ambayo pete ilikuwa inalalia meza pamelika zaidi kuliko juu, kwa hiyo nembo iko kali upande mmoja na imefifia upande mwingine. Uchakavu wa namna hiyo haujapatikana kwa siku moja.

Mchongo wa mashine ya leza ni tofauti kabisa, mstari una kina kile kile mwanzo mpaka mwisho, chini yake kuna ukijivu wa vidoti, na mikwaruzo ya zamani inaishia ukingoni kana kwamba imekatwa. Ukiona mchongo mkali mpya juu ya pete iliyochakaa kila mahali, rudisha.

Kingine ni jina lililofutwa. Zamani mtu akinunua chombo cha mwingine alikuwa anasugua jina la kwanza na kuchonga lake. Papasa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, mmoja ndani mmoja nje, ukisikia pamekuwa pembamba au pamebonyea kidogo palifutwa. Pia pumua juu yake kwa karibu, ukungu wa pumzi unaonyesha madoa ya kufutwa na viraka vya kuchomelea ambavyo macho hayakuviona. Kwenye EPNS iliyofutwa utaona fedha imeisha pale na rangi ya manjano au kijivu inatokeza. Na nembo ambazo hazijachongwa bali zimebandikwa, angalia nyuma na pembeni kama kuna gundi. Fundi wa zamani alichomelea kwa fedha, hakutumia gundi.

Hatua ya 6: Mtafute mwenye jina

Hii ndiyo raha yenyewe, na karibu yote unaifanya bure ukiwa Morogoro au Kisumu na bando tu. Anza na Army List, vile vitabu vya serikali vilivyoorodhesha maofisa wote kwa rejimenti na cheo, Maktaba ya Taifa ya Scotland imeviweka mtandaoni kwa wingi na unaweza kutafuta kwa jina. Una herufi tatu na kikosi? Fungua orodha ya mwaka ulioupata kwenye mihuri, soma maofisa wa rejimenti hiyo mmoja mmoja, mara nyingi mwenye herufi hizo anakuwa mmoja tu, wakiwa wawili cheo kinaamua. Kama mihuri ni 1908 na pete inasema "Capt." basi mtu wako alikuwa kapteni miaka hiyo au baadaye kidogo, huyo luteni mwenye herufi zinazofanana muache kwanza.

Ukishapata jina kamili nenda London Gazette, gazeti rasmi la serikali, uteuzi wa maofisa, kupandishwa vyeo na nishani za ushujaa zimechapwa humo na kumbukumbu zake ziko wazi mtandaoni. Kama alipigana vita vya kwanza, mafaili ya maofisa yaliyosalia yako National Archives pale Kew kwenye makundi ya WO 339 na WO 374, orodha unaisoma ulipo ila faili lenyewe mara nyingi inabidi uagize nakala. Kama alikufa vitani tafuta kwenye kanzidata ya Commonwealth War Graves Commission, itakuambia amezikwa wapi, na kwa maofisa wa KAR unaweza kukuta ni makaburi ya Dar, Morogoro, Voi au Taveta, ambayo unaweza kwenda mwenyewe. Ukikwama, waandikie makumbusho ya rejimenti, barua fupi ya adabu na picha mbili nzuri, wengi wao ni maofisa wastaafu na wanapenda maswali haya.

Usimalizie hadithi kwa kubuni. Kama herufi zinaweza kuwa za watu wawili, andika watu wawili.

Hatua ya 7: Wapi pa kununua na ulipe kiasi gani

Uingereza kwenyewe kuna minada ya vitu vya kijeshi, Noonans wa London na Bosleys wanajulikana sana, na minada midogo ya mikoani unaifuata kwa the-saleroom, tovuti ya minada, ukiwa umekaa kwako. eBay ipo, ina vitu vingi na feki nyingi pia. Mwenye ndugu kule amtume Newark kwenye maonyesho makubwa ya vitu vya kale au soko la Bermondsey siku ya Ijumaa, aende alfajiri. Kwetu huku fuatilia minada ya vitu vya nyumbani Nairobi na Karen, maduka ya vitu vya kale Mombasa na Mji Mkongwe, na familia zinazohama. Mara nyingi muuzaji amechanganya vijiko vyote kwenye boksi moja na hajasoma nembo hata moja.

Bei ina sakafu, ambayo ni uzito. Pima gramu, zidisha kwa 0.925, zidisha tena kwa bei ya fedha ya siku hiyo kwa gramu. Pete ya gramu 25 ina fedha tupu kama gramu 23. Chochote unacholipa juu ya hapo unalipia jina, kikosi na hali ya mchongo, kwa hiyo jiulize hilo jina linafuatilika? Pete yenye herufi bila kikosi lipa karibu na uzito tu. Pete yenye jina, cheo, kikosi na tarehe, hapo unaweza kulegeza mkono.

Kwenye minada usisahau ada. Nyundo ikigonga pauni 60, ada ya mnada ikiwa asilimia 25 unaongeza 15, kodi ya asilimia 20 juu ya hiyo ada ni 3, tayari ni 78 na bado posta, bima na ushuru wa forodha wa huku. Jiwekee kikomo ukiwa umeshajumlisha vyote hivyo.

Kabla hujalipa omba picha ya mihuri, picha ya mchongo kwa mwanga wa pembeni, na uzito. Muuzaji asiyetaka kutoa hivyo vitatu achana naye.

Hatua ya 8: Mali ya nani, na habari ya pembe za ndovu

Chombo cha mtu binafsi kilikuwa chake na familia ilikuwa na haki ya kukiuza, hakuna shida. Ila vitu vikubwa vya mesi, vikombe vya mashindano, vinara, sanamu za katikati ya meza, hivyo ni mali ya pamoja ya maofisa na vikosi vilivyounganishwa mara nyingi vilirithishana. Ukiletewa kitu kikubwa chenye maneno ya kuzawadiwa mesi, muulize muuzaji kimetokaje, na kama hana jibu waandikie makumbusho ya kikosi husika kabla hujatoa hela. Ule mshale mpana unaoelekea juu ni alama ya mali ya serikali, vitu vingi vya namna hiyo viliuzwa kihalali baada ya vita kwa hiyo wenyewe sio tatizo.

Visu ndio wa kuogopa. Visu vingi vya mezani vya zamani vina mipini ya pembe za ndovu. Uingereza sheria yao ya 2018 ilianza kutumika Juni 2022 na imebana biashara hiyo karibu yote, Kenya na Tanzania mnajua wenyewe hali ilivyo, na kuvusha mpaka ni balaa la CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ushauri wangu ni mmoja, usinunue, usiuze, usitume. Jinsi ya kutambua: angalia kitako cha mpini kwa lenzi, pembe halisi ina mistari inayokatana kama nyavu nyembamba, ya plastiki ya zamani ina mistari iliyonyooka sambamba. Ukibaki na shaka chukulia ni pembe.

Hatua ya 9: Kusafisha na kutunza

Weka mbali Brasso. Najua ndiyo iliyoko kila nyumba yenye mtu aliyepita jeshini lakini ni kali kwa fedha, inasugua herufi, na kila herufi inavyolika ndivyo jina linavyoondoka. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya vyombo, kitambaa cha pamba, kausha hapo hapo. Weusi ukizidi tumia krimu ya fedha kidogo sana, na ule weusi uliojaa ndani ya mifereji ya mchongo uache, ndio unaofanya jina lisomeke. Kwa sababu hiyo hiyo usitumbukize kwenye dawa za kuchovya wala ule mtindo wa karatasi ya aluminiamu na magadi, jina linabaki bapa limepauka. EPNS usiipeleke kupakwa fedha upya, mipako inajaza mchongo. Nembo zenye rangi ya kung'aa zilizochomwa usiziloweke. Pewta isikae karibu na jiko, inayeyuka kwa joto dogo, na ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake kwa hiyo usiinywee.

Wa pwani mna kazi zaidi, hewa ya chumvi na unyevu inaifanya fedha kuwa nyeusi kwa wiki chache. Funga kila kimoja kwa karatasi laini isiyo na asidi, tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu, weka kwenye boksi linalofunga vizuri. Usitumie rababendi wala sufu wala gazeti, vyote vinaleta weusi. Chumvi ya mezani ndiyo adui namba moja, inatoboa.

Hatua ya 10: Daftari

Siku kinapoingia nyumbani, siku hiyo hiyo kipe namba na uandike: maneno yote yaliyochongwa herufi kwa herufi na makosa yake, mihuri, uzito, ulinunua wapi, kwa nani, bei, na ulichogundua juu ya mwenyewe pamoja na ulipokiona. Piga picha ya mchongo mwanga ukitoka kushoto kisha kulia. Risiti gundisha humo humo, na ya mnada hifadhi na ukurasa wa katalogi. Kama una simulizi ya mzee wa mesi, andika jina lake kamili kwa ruhusa yake, kijiji chake na tarehe mliyoongea, ukurasa ule ule ilipo pete ya ofisa aliyekuwa anamhudumia.